Kokoto za Stesheni

Wamekuja tena kuniuliza habari za stesheni. Safari hii walikuwa watatu, vijana wawili wa kiume wenye viatu vya kung'aa na msichana mmoja mwenye daftari, wakalikalia benchi langu kana kwamba wamelinunua. Wanasema itafunguliwa. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na siku hizi nikiyasikia nauliza kwanza kama ni mwaka wa kura. Wanataka historia ya kuandikwa kwenye kibao, na siku ya sherehe mimi nitawekewa kiti cha mbele, nivalishwe leso mpya, nipige makofi pale nitakapoambiwa.

"Susu, unakumbuka treni ya kwanza?" aliniuliza yule mrefu, akiniita nyanya kwa Kikamba. "Unakumbuka vile ilipiga honi?"

Nilimwambia treni ya kwanza ilipita kabla mama yangu hajaolewa, na kama anamtaka mtu aliyeisikia achukue jembe aende makaburini. Alicheka, akidhani ni mzaha wa wazee. Mwenzake akaniuliza juu ya ule ukuta mfupi wa mawe ulio kando ya njia ya pembeni, pale mabehewa ya mizigo yalipokuwa yakiegeshwa. Tayari walikuwa wameandika kwamba ulijengwa na mafundi wa reli ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Walichotaka ni mimi nitikise kichwa tu.

Nikawauliza kama katika mpango wao kuna maji. Yule mrefu akafungua karatasi zake. Kulikuwa na vibanda vya biashara, choo cha kulipia, maegesho ya magari na sanamu.

"Maji ni awamu ya pili, susu," akasema.

Msichana aliliandika hilo daftarini. Huyo namjua. Nyanya yake alikuwa rafiki yangu, wala si wa kuazimana chumvi tu, na mtoto amerithi macho yake yale yale yasiyo na haraka. Niliwaambia warudi baada ya juma moja, nitawaandikia mwenyewe. Nilisomea misheni, miwani ninayo, na wale wavulana wakiachiwa kazi hii watajaza kibao kizima honi.

Nilifika pale stesheni nikiwa bibi harusi, miaka ya ishirini ikielekea mwisho. Nilitoka kwetu, upande wa Tulia kule Kitui, siku nne kwa miguu, tukavuka mto Athi maji yakiwa magotini, kwa sababu mwanamume aliyenioa alikuwa mtu wa reli. Baba yangu aliyatamka maneno "mtu wa reli" kwa sauti aliyokuwa akiitumia kusali. Nilipofika nikaiona kazi yenyewe. Ilikuwa kuvuta mkono wa chuma njia ya treni igeuke, kuurudisha mkono ule ule njia igeuke tena, na kusafisha taa mbili. Kwa hayo alipewa chumba kimoja cha mawe, kofia yenye beji ya shaba, na kiburi.

Na mji! Wenyewe waliuita mji, na ukikosea ukasema soko walinuna. Ulikuwa na maduka saba ya mabati, cherehani moja barazani, hoteli ya benchi moja, na kinyozi aliyeng'oa pia meno. Treni ilisimama mara mbili kwa siku, kwa muda wa mtu kumenya ndizi na kuila, na kwa muda huo watu wazima walijipanga jukwaani wamevaa makoti juani ili waonekane na abiria wasiowajua. Mwenye duka kubwa, Mwislamu wa asili ya pwani aliyeoa kwetu, ndiye peke yake aliyekuwa na akili ya kuwacheka. Alisema binamu yake alifungua duka Mwingi, mahali ambapo hakuna reli hata ya kuchezea, na bado aliuza kutuzidi sisi sote.

Lakini palikuwa na maji. Hili ndilo ninalotaka liandikwe kibaoni kwa herufi kubwa, na najua halitaandikwa. Bomba lilishuka kutoka chemchemi ya vilimani mpaka kwenye tangi la chuma lililosimama juu ya miguu minne, na treni ilikuja kunywa hapo. Chini ya tangi palikuwa na koki ndogo. Kila asubuhi babu wa stesheni, ndivyo tulivyomwita karani mkuu wake, Mhindi mwenye mwavuli na sauti ya jogoo, aliwaruhusu wanawake kuteka. Alitutukana kwa lugha yake mmoja mmoja, na hakuifunga koki mpaka wa mwisho alipojaza. Baadaye nilikutana na waungwana wengi waliotusemesha vizuri, na hakuna hata mmoja wao aliyetupa tone.

Ni kwenye foleni ile nilipompata rafiki yangu. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu utotoni, na kila hatua aliinamia upande ule kana kwamba anaokota kitu. Watu wa upande wa reli waliamini kwamba sisi wa Kitui ni wachawi watupu, na yeye alinipokea hivyo hivyo.

"Wewe wa Kitui," aliniambia, "utanitwika hii debe ama utaniroga?"

"Nitakuroga kwanza, ndiyo nikutwike," nikamjibu.

Akacheka mpaka debe likamwagika. Nikamsaidia kulijaza tena, nikamfunga mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso na kushika mzigo mgongoni, akaondoka akiinama na kuinuka. Kwake palikuwa karibu, kilima kimoja tu. Kwa mguu ule, kilima kimoja kilimtosha.

Kisha bei za dunia zikaanguka. Ndivyo tulivyoambiwa. Mkonge ukakosa mnunuzi, ngozi zikarundikana nyuma ya maduka na kunuka, na asubuhi moja karatasi ikapigiliwa misumari kwenye mlango wa stesheni. Watu wazima wakaizunguka na makoti yao, wakaitazama kwa heshima, mpaka, mwalimu wa misheni na mwenye duka kubwa wakiwa safarini, nikaitwa mimi, mwanamke, niwasomee. Ilisema kwamba treni hazitasimama tena hapo mpaka itakapotangazwa vingine. Nilisoma kwa sauti kubwa, nikatua penye nukta, na Mungu anisamehe, niliona raha. Habari ilikuwa mbaya, lakini msomaji nilikuwa mimi. Hiyo ni tabia yangu, na itaonekana tena mbele.

Babu wa stesheni akahamishwa na mwavuli wake. Mume wangu akaachwa kulinda majengo. Halafu mtu mmoja akaja kwa toroli, lile gari dogo la reli linalosukumwa na watu, akaifunga koki kuu ya tangi, akaung'oa usukani wake, ule mduara wa chuma unaozungushwa kufungulia maji, akautia kwenye gunia na kuondoka nao. Vijana wa mji walijaribu kwa koleo, kwa nyundo, na mwisho kwa maombi. Koki haikusogea.

Mume wangu hakuivua kofia. Kila siku alizisafisha zile taa mbili, akasimama wima jukwaani treni ikipita mbio, akapiga saluti. Treni ilimjibu kwa moshi.

"Wananiona," aliniambia.

Kuna ujinga ambao ukiujibu unaongezeka.

Sisi wanawake tukarudi mtoni. Nasema mto kwa adabu tu, maana mto wetu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, na maji yamejificha chini. Unachimba kwa kipande cha kibuyu, unaingia shimoni mpaka kiunoni, unakaa hapo unangoja maji yajikusanye, unateka nusu kibuyu, unangoja tena. Tulitoka jogoo wa kwanza akiwika, tukarudi jua limekwisha kupita utosini. Rafiki yangu alitoka kabla yetu na kurudi baada yetu. Mwezi wa pili, nyonga ya mguu ule mfupi ilivimba. Aliikanda kwa majani na majivu, na kesho yake akaenda tena, kwa sababu watoto hawanywi majivu. Nilikuwa nikimtazama kwa nyuma akipanda kingo za mto na mzigo, na nilimwomba Mungu stesheni ifunguliwe. Sikuomba treni. Niliomba ule usukani wa chuma urudi kutoka kwenye gunia.

Wanaume nao walitaka stesheni ifunguliwe, lakini wao walitaka jukwaa. Wakaunda kamati. Walikuwemo mkuu wa kijiji, fundi cherehani, kinyozi mng'oa meno, mwalimu wa misheni na mume wangu pamoja na kofia yake. Majuma matatu ya kwanza walibishana nani aitwe mwenyekiti. Majuma mawili yaliyofuata walibishana juu ya ubao wa jina la stesheni, ambao kinyozi alidai ni mdogo kuliko hadhi ya mji. Debe tupu haliachi kuvuma, na sisi tulikuwa na madebe matupu ya kila aina.

Mwisho wakakubali kuandika barua, na wakamwomba yule mwenye duka kubwa aiandike kwa Kiswahili chake cha pwani. Aliandika kitu kizuri mno. Kilisomwa hadharani, na watu wakapiga makofi hasa pale wasipoelewa. Kilitaja mkonge, asali, ngozi, mbuzi wa kutoka Mbumbuni, na mapenzi yetu kwa serikali. Jioni nilimuuliza mume wangu kama kimetaja maji.

"Maji ni mambo ya wanawake," alisema. "Hii ni mambo ya maendeleo."

Nilitamani kumpiga kwa taa moja na kumwachia nyingine aifanyie kazi.

Ajabu ni kwamba barua ilijibiwa. Mzungu mmoja wa reli atakuja kwa toroli kupaona mahali. Basi kamati ikapatwa na wazimu. Nani atampa mkono kwanza? Achinjiwe mbuzi au kondoo? Kondoo alishinda, kwa kuwa ana mafuta, na kamati ilipenda mafuta. Kisha mtu fulani akatazama nje, akaona kwamba stesheni yenyewe imeliwa na majani. Miiba ilikuwa imeota mpaka dirishani, na njia ya pembeni haikuonekana kabisa. Kwa hiyo wakafanya wanavyofanya wanaume wa kwetu kazi inapokuwa ya mikono. Wakaita mwethya.

Mwethya ni kazi ya pamoja. Leo tunalima kwangu, kesho kwako, na hakuna anayelipwa ila kwa uji na nyimbo. Kwa maneno mengine, ni wanawake. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyeishi pale, tena ni mke wa mtu wa reli, tena najua kusoma, kamati ikanitangaza kuwa msimamizi. Nilipaswa kucheka. Badala yake nilivaa viatu.

Walikuja wengi kuliko tulivyotazamia, wakashuka vilimani na majembe begani wakiimba, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa akiiwazia koki ile. Sijaona kazi kama ile tena. Kufikia saa nne miiba yote ilikuwa imeng'olewa na kuchomwa. Jukwaa lilifagiliwa, mawe ya mpaka yakapakwa chokaa, vioo vya madirisha vikasuguliwa kwa mchanga laini na matambara. Wanaume walikuwa nyuma ya duka wakimchagua kondoo, kazi iliyowachukua siku nzima. Kabla ya kwenda, mume wangu aliniachia agizo moja tu, kwamba tusiguse njia kuu, kwa kuwa treni zinapita. Juu ya njia ya pembeni hakusema chochote.

Tukaingia njia ya pembeni. Sasa lazima mnielewe. Mwanamke wa Ukambani hujifunza kulima kwenye miteremko yenye mawe tangu ana miaka sita. Jiwe shambani ni adui. Ukilikuta unaling'oa, unalipeleka ukingoni mwa shamba, unalipanga na wenzake kwa mstari, ili mvua ikija isiondoke na udongo wako. Hatukufundishwa kitu kingine juu ya mawe. Na njia ile, baada ya majani kung'olewa, ilikuwa imejaa mawe matupu, madogo yenye ncha kali, katikati ya reli na chini ya mataruma, yale magogo ya chuma yaliyobeba reli. Jembe lilikuwa likiyagonga na kulia.

Rafiki yangu aliinua kichwa. Alikuwa amepiga goti kwa ule mguu mzima, akauweka mbovu kando.

"Mwana wa mwaitu," aliniita, kama watu wa tumbo moja wanavyoitana, "na hii mawe, ni ya nini? Tutoe ama tuache?"

Sikujua. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Nilikuwa nimelala mita ishirini kutoka kwenye mawe yale kwa miaka, mume wangu alikuwa akiyakanyaga kila siku, na sikuwahi kumuuliza mtu ni ya nini. Wanawake wote walikuwa wamesimama wananitazama mimi, mwenye viatu.

"Toeni yote," nikasema. "Reli inataka kuonekana. Mimi nakaa hapa, najua."

Wakayatoa. Waliyabeba kwa vikapu na kwa nguo, wakayapanga kando ya njia kwa mstari ulionyooka, ukuta wa kufika magotini, mzuri kuliko wa shamba lolote. Mashimo yaliyobaki tuliyajaza udongo mwekundu, tukaushindilia kwa miguu huku tukicheza, tukaufagia kwa matawi. Reli mbili zilibaki juu yake zikimetameta kama zimelazwa kwenye uwanja wa nyumba ya mwanamke msafi. Rafiki yangu alikaa juu ya ukuta, akanyoosha mguu, akasema akipata maji hapa tena atazaa mtoto mwingine na kumpa jina la stesheni. Nililia kwa furaha. Mume wangu aliporudi jioni ananuka kondoo, giza lilikuwa limeingia, na hakuona kitu.

Usiku ule ule ikanyesha. Mvua moja tu, ya dakika chache, ile inayokuja kutudhihaki katikati ya kiangazi. Ule udongo wetu mwekundu uliteremka wote bondeni. Asubuhi mataruma yalikuwa yananing'inia hewani, na reli zimepinda katikati. Mume wangu alisimama akitazama. Alivua kofia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Kokoto iko wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha ukuta. Hakunipiga, hakunigombeza. Alikaa chini pale pale, akanieleza kwa sauti ndogo kwamba mawe yale ndiyo yanayoishika reli isicheze na kuyapitisha maji ya mvua chini yake. Niliwahi kumdharau mtu huyu kwa sababu ya taa zake. Tulianza kuyarudisha, sisi wawili, kwa mikono, lakini jua halikuwa limepanda sana toroli lilipotokea kwenye kona.

Kamati ilijipanga jukwaani kwa ukubwa wa matumbo. Kondoo alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya taa, analia. Mzungu alishuka, akaipita mikono yote iliyonyooshwa, kumi na kitu, akaenda moja kwa moja kwenye njia ya pembeni. Alikuwa amekuja kuona kitu kimoja tu, kama njia ile inaweza kupokea mabehewa kesho bila matengenezo. Alisimama. Akauliza jambo, na karani wake, kijana wa Kikamba, akatutafsiria.

"Bwana anauliza, mawe ya reli iko wapi?"

Wanawake walikuwa wamekuja wakiwa wamevaa vizuri, na hawakujua bado. Walifurahi kuulizwa. Rafiki yangu ndiye aliyeinua mkono akaonyesha ule ukuta.

"Tuliweka pale, bwana," alisema, na uso wake ulikuwa umejaa fahari. "Yote iko. Hakuna hata moja imepotea."

Mzungu aliutazama ukuta kwa muda mrefu. Nadhani alitaka kucheka. Akaandika kitu, akarudi kwenye toroli bila kunywa chai iliyokuwa imechemshwa tangu alfajiri. Mwenyekiti alianza hotuba yake kwa mgongo wa mtu. Karani alibaki nyuma kidogo kufunga mizigo, na mume wangu akamsogelea kumwomba walau neno moja. Nilikuwa nyuma yao. Nililiona gunia kwenye toroli, na mdomoni mwake umechomoza mduara wa chuma.

"Tulikuwa tumekuja na usukani ya koki," karani alisema. "Angefungua maji leo. Sasa amesema turudi nayo."

Wanaume wanne wakalisukuma toroli, na gunia likaenda nalo. Kamati ikabaki jukwaani. Halafu wakavua makoti, wakamchinja kondoo.

Siku ya tatu liliitishwa baraza. Wakubwa wa mji walitaka kujua nani ameua stesheni, kana kwamba ilikuwa hai. Mkuu wa kijiji aliketi kwenye kiti cha babu wa stesheni. Fundi cherehani alisema wanawake wasipewe tena kazi ya akili. Kinyozi alisema yeye aliona hatari tangu mwanzo, ingawa tangu mwanzo alikuwa ameshika mguu wa kondoo. Mwenye duka kubwa peke yake aliuliza kwa nini katika kamati nzima hakukuwa na mtu wa kusimama na wanawake saa moja awaambie kokoto ni nini. Wakamwambia yeye ni mgeni.

"Nani alisema mawe itolewe?" aliuliza mkuu wa kijiji.

Wanawake waliokuwa wamenisikia walikuwa zaidi ya thelathini. Wengine walitazama chini, wengine walinitazama mimi, wakaondoa macho haraka. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Niliwaza kwamba nikisema, atafukuzwa na tutakipoteza kile chumba. Hiyo ni sababu nzuri, na nimeitumia miaka yote hii. Lakini nyani haoni kundule, na nikiitazama vizuri leo, ilikuwa sababu ya pili. Ya kwanza ni kwamba nilikuwa yule anayejua kusoma. Nilikuwa nimewacheka wote waliokaa mle ndani, na sikuweza kuvumilia wanicheke.

Rafiki yangu akasimama. Ilimchukua muda, kwa ile nyonga.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiyo niliuliza, na mimi ndiyo nilianza."

Vyote viwili vilikuwa kweli. Alinyamaza hapo, na baraza likamalizia lenyewe. Wakamtoza mbuzi. Alikuwa na watatu. Kamati ikamla huyo mbuzi juma lile lile, pale pale nyuma ya duka, na mimi nilisikia harufu yake kutoka chumbani kwangu.

Tuliendelea kwenda mtoni pamoja. Siku moja, sisi wawili tu tukiwa shimoni tunangoja maji yajikusanye, nilianza kusema. Nilifika kwenye neno "baraza". Alinikata.

"Shika mukwa, nitwike," alisema. "Jua inapanda."

Nikamtwika. Alitembea njia ile miaka mingi, kwanza na watoto, kisha na fimbo. Tangi liliuzwa vipande vipande. Sikuanza tena kusema, naye hakunipa nafasi, na mwisho akafa. Kwenye maziko yake nililia kuliko binti zake, na watu wakanisifu.

Jana nilifika hapo nikaweka kalamu chini. Leo yule msichana amekuja peke yake, kabla ya siku niliyowaambia. Alisema wenzake wamekwenda kupima mahali pa sanamu. Nikampa karatasi hizi azisome. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na alipofika kwenye baraza alirudi nyuma akasoma tena. Nilimtazama muda wote. Sikumbuki kama nimewahi kuogopa mtoto wa watu hivyo.

"Nyanya alituambia ni yeye alisema mawe itolewe," alisema hatimaye. "Hakusema aliuliza. Alisema ni yeye aliamuru. Mpaka anakufa alisema hivyo. Kwetu wote wanajua ni yeye alifanya stesheni isifunguliwe."

Nilivua miwani, nikaifuta. Mimi, mwenye maneno kwa kila mtu.

"Sasa kwa kibao niandike nini, susu?" aliuliza. "Hiyo ya ukuta?"

Nikamwambia aandike kwamba ukuta ule ulijengwa na wanawake waliotaka maji, kwa amri ya mpumbavu mmoja, na kwamba aliyelipa ni mwingine. Akafungua daftari. Jina la aliyelipa alilijua, akaliandika bila kuniuliza. Kisha akainua macho yale yasiyo na haraka, akasema kibao kitahitaji majina yote mawili.

Nikamtajia langu.